Cheti cha Kemia kilichoandikwa "Arts": wahitimu wa sayansi wa vyuo vidogo vya Marekani huishia wapi?

Julai mwaka jana, sebuleni kwa dada yangu anayeishi Tabata, Dar es Salaam, cheti kilikuwa kinazunguka mkono kwa mkono kama albamu ya harusi. Mpwa wangu alikuwa amekuja likizo kutoka Marekani baada ya kuhitimu, na kila aliyekipokea alikishika kwa ncha za vidole asije akakipaka mafuta ya sambusa. Kikafika kwa jirani yetu, mwalimu wa fizikia mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata wale ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena, akasoma kwa sauti ya msimamizi wa mtihani: "Bachelor of Arts." Akamgeukia binti.

"Mjukuu wangu, si tuliambiwa unasoma Kemia?"

"Ni Kemia, babu. Ila..."

Ile "ila" haikumalizika, maana sinia la pilau liliingia. Lakini mimi imenifuata. Tangu siku ile wazazi kadhaa, wengine siwafahamu hata kwa sura, wamenipigia simu na swali hilohilo kwa nguo tofauti. Mtoto alikuwa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, amepata ufadhili wa chuo cha "arts", je, amepotezwa? Mwingine amehitimu Baiolojia, mbona haitwi daktari? Wa tatu alisoma Fizikia, sasa yuko benki, kulikoni? Nimeona nimalizie ile "ila" hapa, kwa wote.

Sanaa isiyo na ngoma

Chuo cha aina aliyosoma binti Wamarekani wanakiita liberal arts college. Litie jina hilo kwenye mashine ya kutafsiri, linatoka "chuo cha sanaa huria", na maneno yote mawili yanakupeleka kusiko. Sanaa kwetu ni Bagamoyo: ngoma, maigizo, uchongaji. Kwa aliyepita kidato cha tano, "arts" ni HGL na HKL, michepuo ambayo wenzetu wa PCM walidai tumeikimbilia kwa kuogopa hesabu. (Mimi nilikuwa HGL. Sikuziogopa hesabu, zenyewe ndizo zilizonikataa.) Na huria ni Chuo Kikuu Huria, ambako unasoma huku ukiendelea na kazi yako Songea. Unganisha maneno hayo mawili, unapata picha ya mtu anayejifunza kupiga marimba kwa njia ya masafa.

Asili ya jina ni Kilatini. Warumi walikuwa na msemo uliomaanisha stadi zinazomfaa mtu huru, yaani asiye mtumwa, na "sanaa" ndani yake ilikuwa na maana ya stadi au maarifa. Wasomi wa Ulaya ya kale walizihesabu stadi hizo kuwa saba: sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Tazama hizo nne za mwisho. Hata muziki waliusoma kama uwiano wa namba. Kwa hiyo sayansi haikukaribishwa kwenye nyumba hii juzi, imo tangu msingi unachimbwa.

Mimi nitaviita vyuo hivi vyuo vya elimu pana, na maana yake ni hii. Ni chuo kidogo, kwa kawaida kinafundisha shahada ya kwanza tu, wanafunzi wake wengi wanaishi hapohapo chuoni, na kila mmoja anachagua fani kuu moja huku akilazimika kugusa masomo ya mbali na fani hiyo. Anayesoma Kemia atakaa pia darasa la historia, la lugha, la falsafa. Udogo wake ni udogo kweli. Swarthmore, karibu na Philadelphia, kina wanafunzi wapatao 1,600. Williams, huko Massachusetts, kama 2,000. Ohio State, chuo kikuu cha umma, kina zaidi ya 60,000. Kuna shule za sekondari Dar es Salaam zenye wanafunzi wengi kuliko Swarthmore.

Sasa cheti. Vyuo kama Williams, Amherst, Pomona na Grinnell vinatoa shahada ya jina moja kwa wote: aliyesoma ushairi na aliyesoma fizikia ya atomu wanapewa Bachelor of Arts ileile. Neno hilo ni muhuri wa chuo. Somo lenyewe utalikuta kwenye transkripti, ile orodha ya masomo na alama, na huko ndiko Mwalimu alipotakiwa kuanzia kusoma.

Daladala na stendi

Mkanganyiko mkubwa zaidi, hata hivyo, hautokani na neno. Unatokana na namna sisi tunavyoielewa shahada. Kwetu shahada ni daladala. Ina mstari wa rangi ubavuni na maandishi usoni: Mbagala–Kariakoo. Ukipanda Udaktari unashuka daktari, ukipanda Uhandisi unashuka mhandisi, ukipanda Ualimu unashuka mwalimu, na konda hakuulizi mara mbili. Ndiyo maana swali la kwanza la shangazi yeyote kwa mwanafunzi ni "unasomea nini?", na analiuliza akitaka kusikia jina la kazi.

Shahada ya Biolojia au Fizikia kutoka chuo cha elimu pana inakushusha stendi. Umefika mahali penye mabasi mengi, ila hakuna aliyekukatia tiketi ya pili. Wamarekani wenyewe wanalijua hilo na mfumo wao umejengwa hivyo: udaktari, sheria, hata taaluma nyingine kadhaa, zinasomwa baada ya shahada ya kwanza. Mzazi wa Morogoro akiuliza "basi amekuwa nani?", jibu la kweli ni kwamba bado hajawa, na hilo si dalili ya kufeli.

Mabasi gani yapo stendi hapo? Nianze na linalowashangaza watu kuliko yote.

Uzamivu bila kupitia uzamili

Sisi tunapanda ngazi: shahada ya kwanza, uzamili, ndipo uzamivu, yaani PhD. Marekani, kwenye sayansi, mwenye shahada ya kwanza anaomba uzamivu moja kwa moja. Akikubaliwa, kwa kawaida halipi ada, na anapewa posho ya kuishi kwa kufundisha wanafunzi wa chini au kufanya utafiti katika maabara ya profesa. Inachukua miaka mitano, sita. Uzamili mara nyingi unamezwa humo njiani. Kwa hiyo ukisikia kijana wa miaka 22 anasema ameanza uzamivu wa kemia na analipwa, usimwite mwongo.

Na hapa ndipo dhana ya pili inapovunjika, ile ya kwamba chuo kidogo lazima kina sayansi dhaifu. Fikiria gereji mbili. Ya kwanza ni kubwa, ya kampuni, ina mafundi wakuu, mafundi wasaidizi, na vijana wengi wa kujifunza. Kijana mpya anashika tochi mwaka mzima, maana mikono ya kufungua injini ipo tele. Ya pili ni ya fundi mmoja chini ya mwembe. Siku ya tatu kijana huyohuyo yuko chini ya gari, grisi mpaka kwenye nyusi, kwa sababu hakuna mwingine wa kuingia. Katika vyuo vikuu vikubwa, wanaomsaidia profesa maabara ni wanafunzi wa uzamivu. Chuo cha elimu pana hakina hao. Profesa akitaka utafiti ufanyike, atamchukua msichana wa mwaka wa pili, amfundishe, amkabidhi.

Thomas Cech alipita huko. Alihitimu Kemia chuo cha Grinnell, katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, mwaka 1970, akaja kupata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1989. Mwaka 1999 aliandika hoja ndefu kuhusu vyuo vya aina aliyosoma, akionyesha kwamba ukilinganisha kwa idadi ya wahitimu, vinatoa kama maradufu ya wanasayansi wa uzamivu kuliko wastani wa vyuo vinavyotoa shahada ya kwanza nchini mwake. Miaka ya mwanzo ya 1990 maabara yake huko Colorado ilimpokea mtafiti kijana aitwaye Jennifer Doudna, naye mhitimu wa Kemia wa chuo kidogo, Pomona cha California, mwaka 1985. Doudna alipokuwa Pomona alikaribia kuiacha kemia ahamie Kifaransa. Aliyemshauri abaki ni mwalimu wake wa Kifaransa. Akabaki, akaonja utafiti kwa mara ya kwanza katika maabara ya mwalimu wake palepale chuoni, na mwaka 2020 alitunukiwa Nobel pamoja na Emmanuelle Charpentier kwa mbinu ya kukata na kurekebisha vinasaba.

Swarthmore nao wana hadithi inayotugusa moja kwa moja. Howard Temin alihitimu hapo 1955, David Baltimore 1960. Kila mmoja kivyake aligundua kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia ndani ya chembe hai) ambacho baadhi ya virusi hukitumia kuandika vinasaba vyao vya RNA upya kuwa DNA, lugha ya vinasaba vyetu sisi, na mwaka 1975 wote wawili walikuwa miongoni mwa watatu waliogawana Nobel ya tiba. Virusi vya Ukimwi hutumia kimeng'enya cha aina hiyo. Katika kidonge kimoja cha siku chenye dawa tatu wanachomeza mamilioni ya watu Afrika Mashariki, dawa mbili, tenofovir na lamivudine, kazi yake ni kukiziba.

Ukitaka mfano wa jikoni, upo. Charles Martin Hall alihitimu chuo cha Oberlin, Ohio, mwaka 1885. Wakati huo aluminiamu ilikuwa metali ya wenye nacho. Miezi michache baadaye, Februari 1886, akiwa na miaka 22, katika kibanda nyumbani kwao, alipata njia ya kuitenga kwa umeme kwa gharama ndogo. Sufuria la ugali lililo jikoni kwako limetokana na njia hiyo.

Gereji ya chini ya mwembe ina upungufu wake, nisikufiche. Haina mashine za mamilioni ya dola. Wanafunzi huenda kuzitumia likizo ya kiangazi kwenye vyuo vikubwa, lakini nafasi nyingi za namna hiyo zinazolipiwa na mfuko wa serikali wa sayansi ni za raia na wenye ukazi wa kudumu. Mtoto wa Mwanza anategemea fedha za chuo chake mwenyewe. Swali la kuuliza kabla ya kukubali ufadhili ni hilo: je, chuo kinawalipa wanafunzi wa kigeni kufanya utafiti wakati wa likizo? Vingi vinalipa. Visivyolipa ni afadhali uvijue mapema.

Baiolojia na stetoskopu

Hapa naenda polepole, maana ndipo familia nyingi zinapoumia.

Tanzania, mwenye alama nzuri za PCB anaingia shahada ya udaktari moja kwa moja, anasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini. Kenya ni miaka sita. Marekani, mlango huo haupo kwa aliyetoka sekondari. Unasoma kwanza shahada ya miaka minne, yoyote ile, mradi umepitia masomo fulani ya baiolojia, kemia na fizikia. Unafanya mtihani uitwao MCAT. Ukifaulu na kukubaliwa, unaanza shule ya udaktari, miaka minne mingine. Kisha unakuwa daktari wa mafunzo kwa miaka kati ya mitatu na saba kutegemea na ubingwa.

Sasa mtoto anaandika nyumbani: "Niko pre-med." Nyumbani wanasikia "nasomea udaktari", na kadi ya mchango wa sherehe inachapishwa na neno Dkt. mbele ya jina. Pre-med si fani. Ni orodha ya masomo ya kupitia na mshauri wa kukuelekeza, basi. Mtu anaweza kuwa humo akiwa na fani ya historia. Harold Varmus alisoma fasihi ya Kiingereza chuo cha Amherst, akamaliza 1961, akaongeza uzamili wa fasihi hiyohiyo Harvard, ndipo akageukia udaktari Columbia. Mwaka 1989 naye akapata Nobel, ya tiba, kwa utafiti wa chanzo cha saratani.

Kwa mwenye pasi ya kusafiria ya Afrika Mashariki, kuna ukuta ambao vipeperushi havipendi kuuchora. Shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei wasio raia au wakazi wa kudumu. Baadhi ya zinazopokea hutaka uonyeshe, au hata uweke kando, ada ya miaka yote minne kabla hujaanza, na mikopo ya serikali yao haikuhusu. Wapo wanaopenya, ila kwa tundu la sindano. Wahitimu wengi wa Baiolojia kutoka kwetu hugeukia uzamivu wa sayansi za tiba, ambao, kama nilivyosema, unalipwa, au uzamili wa afya ya jamii, au wanaomba udaktari nchi nyingine.

Maoni yangu, na dada yangu hayapendi: mtoto anayetaka stetoskopu shingoni na hana hamu nyingine yoyote, Muhimbili ni njia fupi, na madaktari wake ndio wanaotutibu. Chuo cha elimu pana kinamfaa zaidi yule anayeuliza dawa inafanyaje kazi kuliko yule anayetaka kuiandika.

Uhandisi

Hili ni fupi. Fizikia si uhandisi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi haitakuandikisha kwa sababu ulifanya vizuri kwenye sumaku-umeme. Vipo vyuo vichache vya elimu pana vyenye uhandisi wake: Swarthmore, Smith cha wanawake, Harvey Mudd cha California. Vingine vina mpango wa miaka mitatu hapo na miwili kwenye shule ya uhandisi ya chuo kikubwa, mfano Columbia, ukatoka na shahada mbili. Unavutia kwenye karatasi. Lakini mara nyingi ufadhili wa chuo cha kwanza haukufuati kwenye ile miaka miwili, na mwanafunzi wa kigeni anajikuta katikati ya daraja bila nauli. Ulizia hilo kwa maandishi.

Waliokwenda kazini moja kwa moja

Si kila mtu anataka kurudi darasani, na wanaokwenda kazini moja kwa moja ni wengi. Kazi ya kawaida kabisa kwa mhitimu wa Kemia au Baiolojia ni utafiti msaidizi: miaka miwili katika maabara ya chuo kikuu, hospitali ya utafiti au kampuni ya dawa, akipima sampuli, akitunza chembe hai, akijaza daftari la majaribio, huku akijiuliza kama anaipenda kazi hii kiasi cha kuifanyia uzamivu. Wengine hufundisha. Shule binafsi za Marekani huajiri walimu wa sayansi wasio na leseni ya ualimu, kitu ambacho TSC, tume ya walimu ya Kenya, isingekikubali.

Wa Fizikia na Hesabu ndio wanaotawanyika zaidi. Programu za kompyuta, takwimu, bima, benki. Kwa nini benki imtake mwanafizikia? Kwa sababu hatari ya mkopo ni hesabu ya mambo mengi yanayobadilika kwa pamoja, na huyo amefundishwa miaka minne kuandika mabadiliko ya namna hiyo kwa alama. Fedha atafundishwa na benki yenyewe.

Robert Noyce alisoma Fizikia na Hesabu Grinnell, chuo kilekile cha mahindini, akamaliza 1949. (Aliwahi kusimamishwa muhula mzima kwa kuiba nguruwe wa karamu.) Mwalimu wake, Grant Gale, alipata transista, kifaa kidogo cha kudhibiti umeme, kutoka maabara za Bell wakati vyuo vikubwa vingi havijaigusa, akamwonyesha. Noyce akaja kuwa mmoja wa wavumbuzi wa saketi unganishi, ile chipu iliyo ndani ya simu unayosomea makala haya, na mwaka 1968 akaanzisha Intel na mwenzake Gordon Moore. Karibu zaidi na kwetu yupo Patrick Awuah wa Ghana. Alisoma uhandisi na uchumi Swarthmore, akafanya kazi Microsoft, kisha akarudi nyumbani na mwaka 2002 akafungua chuo cha Ashesi, ambacho nacho kinawalazimisha wanafunzi wa kompyuta kusoma falsafa na uandishi.

Sasa suala la viza, maana huko ndiko ndoto nyingi zinakokwama. Mwanafunzi wa kigeni akihitimu anaruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12, kibali kinaitwa OPT. Aliyesoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hesabu anaweza kuongezewa miezi 24, jumla miaka mitatu. Na hapa lile neno kwenye cheti linaleta hofu isiyo na sababu: nyongeza hii haitazami kama umeandikiwa "Arts" au "Science". Inatazama namba ya fani iliyosajiliwa kwenye karatasi zako za uhamiaji. Kemia ni Kemia, hata ikivaa kanzu ya "Arts".

Baada ya hapo mwajiri anaweza kukuombea viza ya kazi iitwayo H-1B. Kampuni za kawaida zinagombea nafasi 85,000 kwa mwaka kwa njia inayofanana na bahati nasibu, na 20,000 kati ya hizo ni za waliosoma uzamili au zaidi Marekani. Vyuo vikuu na taasisi zao za utafiti haziingii kwenye kikomo hicho. Ndiyo maana utaona kijana anaacha mshahara wa kampuni anakwenda maabara ya chuo kwa malipo madogo. Anahesabu viza kabla ya dola. Kanuni hizi hubadilika na serikali zao, kwa hiyo asome za mwaka wake, asisome za kaka yake.

Aliyerudi

Hakuna mfano ninaoupenda kama Wangari Maathai, na inanishangaza kuwa wanaomtaja kwa miti hawataji alikosomea. Septemba 1959, kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya, ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani. Mwaka uliofuata Wangari akaondoka kwa mpango huohuo, safari hii ukiwa na fedha za familia ya Kennedy. Alipelekwa Atchison, Kansas, chuo kidogo cha wanawake cha masista Wabenedikto kilichoitwa Mount St. Scholastica. Alisoma Baiolojia kama fani kuu, na Kemia na Kijerumani pembeni. Akamaliza 1964, akachukua uzamili wa baiolojia Pittsburgh, ambako alijifunza kuandaa tishu kwa ajili ya hadubini.

Januari 1966 alirudi Nairobi akiwa na barua ya kuahidiwa kazi ya utafiti idara ya zuolojia. Akaambiwa nafasi amepewa mwingine. Shahada mbili mkononi, na hakuna kazi. Aliyemwokoa ni profesa Mjerumani aliyekuwa anaanzisha idara ya anatomia ya mifugo na alihitaji mtu anayejua zile tishu. Mwaka 1967 Wangari akaenda Giessen na Munich kwa utafiti, na kile Kijerumani cha pembeni kikapata kazi. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata uzamivu. Baadaye, akitafiti ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, alikuwa akikusanya kupe kwenye masikio ya ng'ombe vijijini. Akaona ng'ombe wamekonda, mito imekuwa matope, vilima viko uchi. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wakapanda miche saba bustani ya Kamukunji. Nobel ya amani ilikuja 2004.

Barua ile iliyogeuka karatasi tupu ina wenzake leo. Anayerudi na "Bachelor of Arts" ya Kemia atakutana na karani wa ajira anayechuja kwa kusoma mstari wa kwanza wa cheti. Dawa ipo, ya kuchosha lakini ipo. Kwa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa utambuzi wa shahada za nje, na matangazo ya ajira serikalini huidai. Aiombe mapema, kabla tangazo la kazi halijatoka. Aambatanishe transkripti kila mahali, na kabla hajaondoka Marekani aombe chuo barua fupi inayosema wazi kwamba fani yake ni Kemia na kwamba chuo hutoa jina hilo moja la shahada kwa fani zote. Karatasi moja yenye muhuri itamwokoa na maelezo ya nusu saa dirishani.

Mwalimu hakuhitaji barua. Sahani zilipoondolewa siku ile, aliomba transkripti, akaishusha kwa kidole, mstari kwa mstari. Kemia ya kaboni, sawa. Takwimu, sawa. Historia ya Bahari ya Hindi, akaguna. Kwenye kemia ya kifizikia kidole kikasimama. Akauliza kama walifika kwenye mlinganyo wa Schrödinger. Binti akachukua kalamu, akauandika nyuma ya boksi la juisi, na wote wawili wakainama juu yake kwa muda mrefu kuliko sisi wengine tulivyoweza kuvumilia.

"Kwa hiyo kazi unaanza lini?" dada yangu akakatiza.

"Mwezi ujao, mama. Boston. Maabara ya utafiti ya hospitali."

"Hospitali?"

"Utafiti, mama. Sitagusa mgonjwa."

"Sawa," dada akasema, akikusanya glasi. "Kanisani nitawaambia hospitali."